Kilio Kilichochelewa Miaka Minne

Katika kartie ya Mulongwe, mtaa wa mji wa Uvira, Mama Espoir ndiye aliyeandika majina ya wazee. Jina lake la ubatizo ni Bernardine, lakini tangu mtoto wake wa kwanza, Espoir, azaliwe, wanaomwita Bernardine ni padri na watu wa ofisi tu. Alizaliwa Lubarika, kule kwenye bonde la Ruzizi, akaja Uvira kwa ndoa, akauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni mpaka mgongo ukakataa kuinama. Alimzika bwana wake, akazika na watoto wawili, na wote aliwalilia inavyopaswa. Shule aliishia mwaka wa sita wa primeri. Anaandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Serikali ilipoleta mpango wa wazee, shefu wa kartie hakuhangaika kutafuta mtu mwingine. Ilikuwa barua kutoka mkoani: kila kartie iwajue wazee wake, wapewe siku moja kwa juma ya kukaa pamoja, wapimwe, wasikilizwe, na wale wasiotoka nyumbani watembelewe. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja ambao Mama Espoir aliomba asomewe mara mbili. Ulisema kwamba mzee asaidiwe kupata utulivu wa akili na wa roho, kwa imani yake na kwa desturi njema za kwao, wala asiachwe peke yake na huzuni yake. Aliposikia hivyo alisema Amina, shefu akacheka, yeye hakucheka.

Akanunua kitabu cha karo, chenye kurasa za miraba, na kalamu ya buluu. Majuma mawili alipita nyumba kwa nyumba juani, akaleta majina arobaini na moja. Tangu hapo kila Alhamisi wazee walikutana katika chumba cha mabati kando ya ofisi ya kartie. Alikuwako Naomie, mwuguzi wa kituo cha afya, na chombo chake cha kupimia presha. Alikuwako Monsieur Achille, kijana wa mambo ya jamii, na kalamu nyuma ya sikio.

Alhamisi ya tano, Monsieur Achille aliamua kuita majina kitabuni.

"Nambari kumi na ine. Mama Pélagie."

Achille aliinua macho.

"Huyu mama hajafika hata mara moja. Iko mugonjwa?"

Nyuma kabisa alikaa Mama Consolée, mwuza sombe, majani ya muhogo, mwanamke ambaye ulimi wake unaogopwa kuliko mbwa wa mapolisi. Alikuwa mdogo wake Pélagie, tumbo moja.

"Umwite na nguvu, Monsieur," alisema. "Pengine atasikia kule chini ya ziwa."

Mzee mmoja alicheka, kisha akaona nyuso za wengine, akanyamaza. Achille alimtazama Mama Espoir. Mama Espoir alitazama mikono yake.

Kila mtu mle ndani alijua. Pélagie alibebwa na maji mwaka wa korona, mwezi wa nne, siku ile mto Mulongwe ulipovunja kingo zake na kushusha nyumba, mawe na watu mpaka ziwani. Mwili wake haukupatikana.

"Mama Bernardine," alisema Achille, "uliandika mufu mu kitabu ya serikali?"

"Niliandika vile bwana yake aliniambia."

Ni kweli, na si kweli yote. Alipofika kwa Papa Eugène, mume wa Pélagie, aliuliza mko wangapi humu ndani. Mzee akajibu wawili, akataja jina lake, akataja la bibi yake, akasema ametoka kidogo. Mama Espoir angefanya nini? Kwa watu wa hapa, pahali ambapo kilio, yaani matanga, hakijakaliwa, humwambii mwenyewe kwamba mtu wake amekufa. Ukisema, ni kama umemzika kwa mdomo wako, bila jamaa, bila maombi. Basi akainamisha kichwa akaandika: Pélagie, miaka sitini na saba. Mkono wake uliandika jina la marehemu kati ya walio hai kwa ajili ya heshima tu, na ofisi haina pahali pa kuweka heshima ya namna hiyo.

Achille hakuwa mtu mbaya. Aliogopa wakubwa wake, basi.

"Ku mji, kitabu yenye mufu moja inakuwa kitabu ya wafu wote," alisema. "Watasema Mulongwe waliokota majina ku makaburi. Minye nitakata hii jina, na nitakata jina ya ule mzee aliyedanganya. Atoke mu mpango."

Hapo Naomie, ambaye husema kidogo, alisema. "Ukimukata Papa Eugène, hakuna mwenye ataingia tena mule ndani. Hapiki, hasemi na muntu. Minye niliona. Ule mzee hatamaliza mwaka."

"Alidanganya."

"Hakudanganya," alisema Mama Espoir. Aliinuka, na kwa magoti yake kuinuka si kazi ndogo. "Usimukate. Unipatie mpaka Alhamisi ingine. Mwenyewe atakuja hapa, na mdomo yake, akuambie bibi yake iko wapi."

"Na asipokuja?"

"Utanikata na minye."

Mama Consolée alipiga ulimi. "Kule hatoki. Ataoza na nywele zake."

*

Nywele za Papa Eugène zilikuwa habari ya kartie nzima. Zilimshuka mabegani, ndevu kifuani, na watu wapitao walisema maji yalichukua bibi yake yakachukua na akili. Mama Espoir hakuamini hivyo. Mwanaume aliyefiwa hagusi wembe mpaka siku ya kutosha kilio, yaani kukiondoa, siku ile jamaa wanapomaliza maombolezo na kumrudisha mfiwa kati ya watu. Na wembe unashikwa na ndugu wa marehemu, si mwingine. Kilio chenyewe hakikukaliwa. Nani basi angemnyoa?

Ijumaa alimkuta nyuma ya mlango, ameketi juu ya kigogo, na mezani sahani mbili.

"Papa Eugène, minye niko na kosa. Niliandika Mama mu kitabu ya wazee."

"Kosa iko wapi? Iko bibi yangu."

"Wanamutafuta."

"Waambie ametoka."

"Miaka ine, Papa?"

Mzee aligeuza uso. "Mama Espoir, njia ya kutoka unaijua. Ni ile uliingilia."

Jumamosi alikuta mlango umefungwa. Akaketi kizingitini, akatoa rozari, akasali mafumbo yote matano kwa sauti ya chini, akaenda zake. Jumapili baada ya misa alipita tena. Mlango ule ule, rozari ile ile. Jumatatu hakuleta rozari. Alileta kitunga cha ndagala kavu, akaanza kuzichambua pale pale mlangoni, akitoa vichwa na mchanga. Lazima niseme alizichambua vibaya. Kama alifanya makusudi, Mungu ndiye anajua.

Mlango ulifunguka kiasi cha mkono.

"Unaharibu. Kichwa haitoke vile."

"Minye niliuza hizi samaki miaka makumi tatu."

"Uliuza. Hukuvua." Papa Eugène, aliyevua tangu ndevu hazijaota, alishuka akaketi upande wa pili wa kitunga. Vidole vyake vilikuwa bado na akili yao. Walichambua muda mrefu kabla mzee hajaanza kusema, na aliposema hakumtazama.

"Nilikuwa nimemushika mukono. Maji ikavuta. Mu mukono wangu ikabaki kitenge tu."

"Njo vile," aliitikia Mama Espoir.

"Siku ya tatu watu wakakuja kukaa kilio. Watu wa serikali wakatuambia iko korona, mutawanyike, hakuna kusanyiko. Watu wakaenda. Hata moto haikumaliza kuwaka." Alitoa kichwa cha samaki, akakitupa. "Weye unataka niseme Pélagie alikufa. Sawa. Kama alikufa, basi alikufa bila kilio. Kuku njo inakufa bila kilio, Mama Espoir. Bibi yangu haikuwa kuku."

Hapo Mama Espoir alielewa. Mzee huyu hakupotewa na akili hata kidogo. Alikuwa analinda mlango wa bibi yake, asiingizwe kati ya wafu kwa njia ya uani. Miaka minne amesimama pale mlangoni peke yake.

"Basi tukae kilio," alisema.

"Ya miaka ine?"

"Kilio haiozi. Tutakaa Alhamisi, na wazee wote."

Papa Eugène alishika nywele zake, akazivuta. "Na hii? Nani atanyoa? Consolée?" Akatoa sauti kavu kama kikohozi, kumbe ni kicheko. "Ule atanikata shingo."

*

Jumanne asubuhi Mama Espoir alikuwa ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Monsieur Achille alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua karatasi zake.

"Mama, Alhamisi hii programu ni presha na chumvi. Chumba haiko ya kilio."

"Barua ya mkoa, weye njo ulitusomea. Soma tena ule mstari."

"Ninaujua."

"Soma tu, baba yangu. Masikio ya wazee inasahau."

Akasoma. Utulivu wa akili na wa roho. Imani yake, desturi njema za kwao. Asiachwe peke yake na huzuni yake. Sauti ilipungua kadiri alivyosoma.

"Minye nilifikiri hii ni mambo ya korale," alisema. "Waimbe kidogo, katekista aombe."

"Tutaimba. Na Katekista Norbert ataomba. Lakini muntu mwenye iko na kilio ndani, ukimwimbisha tu, unafunika chungu yenye inachemka."

"Na mu raporo nitaandika nini?"

"Andika: wazee walilia."

"Hakuna pahali ya kuandika hiyo mu hii karatasi ya fishi."

"Andika pembeni."

Achille alijikuna nyuma ya sikio, palipokuwa na kalamu. "Naomie apime presha kwanza," alisema hatimaye. "Chumvi tutasema juma ingine."

Kutoka pale Mama Espoir alikwenda moja kwa moja sokoni. Mama Consolée alikuwa anakata sombe, kisu kikipanda na kushuka kama kina deni na yale majani.

"Najua kwa nini unakuja," alisema. "Jibu ni hapana. Minye simunyoi."

"Kwa nini?"

"Weye, Mama Espoir, wa Lubarika, unaniuliza kwa nini?" Kisu kikasimama. "Muntu akifa, mume anatuma habari kwa ndugu ya bibi. Anakuja mwenyewe, anasema. Minye nilisikia kifo ya yaya yangu, dada yangu mukubwa, ku pompi ya maji, kwa watu wenye wanachota. Nikamungoja. Niko hatua mia tatu toka kwake. Ndugu ya marehemu hajiiti mwenyewe ku kilio. Nikangoja mwaka, nikangoja miwili. Nikalia peke yangu mu choo, juu watoto wasione."

Kumbe walikuwa wawili wakingojana, kila mmoja na haki yake mkononi, na mto katikati.

"Na akikuja sasa?"

"Hawezi kukuja."

"Nimeuliza akikuja."

Consolée alirudisha kisu kwenye majani. "Akuje na miguu yake. Mchana, hapa ku soko, na nywele zake zote, watu wamuone. Asitume weye. Hapo tutaona."

*

Jumatano ilikuwa na jua kali. Papa Eugène alisimama mlangoni, akarudi ndani, akatoka na shati lingine, akarudi tena kutafuta viatu. Mama Espoir alingoja. Alikuwa amefunga kitenge chake kwa nguvu, kama siku zile za kukimbilia mitumbwi ya ndagala asubuhi.

Mpaka darajani walikwenda vizuri. Hapo mzee akasimama. Mulongwe ulikuwa mdogo siku hiyo, wanawake wanafua juu ya mawe, maji hayafiki magotini. Lakini alitazama chini, miguu ikakataa. Watu wakapita, wakageuka, wakatazama zile nywele.

"Turudi," alisema.

"Hapana."

"Mama Espoir, minye siwezi."

"Unaweza. Shika hapa." Akampa ncha ya kitenge alichojitanda begani. "Ukianguka, nitaanguka na weye, na Monsieur Achille atakata majina tatu."

Mzee alishika. Mama Espoir akaanza Salamu Maria, akatia hatua moja, na kwa kila neno akatia nyingine, na kitenge kikamvuta mzee nyuma yake kama mtumbwi unavyovutwa na kamba. Walipofika ng'ambo, shati la Papa Eugène lilikuwa limeloa jasho. Hakuiachia ile ncha.

Sokoni, mwuza mafuta ya mawese akamwita. "Papa Eugène, hizi nywele unauza kilo ngapi?"

"Ngoja kesho," alisema Papa Eugène. "Nitakuletea ujaze mutoo ya kulalia."

Wanawake wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa cha kumchoma mtu; ni kile cha kumpokea anayerudi kutoka mbali.

Consolée aliwaona tangu walipopita meza za unga. Hakuinuka. Papa Eugène akasimama mbele ya sombe yake, mikono imeshuka, kama inavyofanywa.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Nimekuja kukuambia. Yaya yako alikufa."

Na Consolée, aliyelijua jambo hilo miaka minne, aliuliza kama mtu aliyeletewa habari saa ile. "Lini?"

"Mwaka wa korona. Siku ya maji."

"Alikufa na nini?"

"Maji ilimutosha mu mukono wangu."

Kisu kilimwanguka. Consolée aliweka mikono kichwani, akalia. Alilia kwa sauti ya mwanzo wa msiba, ile inayofanya watu watoke nyumbani bila viatu, na mwuza mafuta akaipokea, na wale wa meza za unga wakaipokea, mpaka soko zima likawa limesimama. Papa Eugène aliketi chini kwenye majani ya sombe. Mama Espoir naye alilia, ingawa alikuwa ameahidi moyoni kwamba hatalia mpaka Alhamisi.

Baadaye Consolée alijipangusa na kanga ya kichwani, akamsukumia shemeji yake kiti chake mwenyewe.

"Kaa hapa, weye muntu. Umekonda kama kamba ya nyavu. Ulikuwa unakula nini, zile nywele?"

*

Alhamisi Naomie alipima presha za watu thelathini na watano. Alipofika kwa Consolée, huyu alitoa mkono akasema, "Pima mbio. Ukinipima mu katikati ya kilio, utaniandika mufu na minye."

Kisha wakaketi chini kwenye mikeka, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Katekista Norbert alisoma zaburi na kuomba. Waliimba nyimbo za kilio za zamani. Kila mmoja aliyemjua Pélagie alisema kitu: kwamba alipenda ugali mgumu, kwamba hakuwahi kurudisha sufuria ya mtu tupu, kwamba alikuwa na kiburi kidogo siku za Pasaka. Papa Eugène alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kama anayehakikisha kwamba hawakosei.

Saa ilipofika, Consolée alifungua wembe mpya, akamwagia shemeji yake maji ya ziwa kichwani, akanyoa. Alinyoa bila huruma na kwa mdomo wazi, akimtukana kama mashemeji wanavyoruhusiwa kutukanana siku ile: kwamba kichwa chake ni kibaya, kwamba dada yake aliolewa gizani. Mzee alijibu kila tusi. Chini ya nywele ulitoka uso ambao wengine walikuwa wameusahau.

Akaenda mwenyewe mpaka mezani kwa Achille.

"Nambari kumi na ine," alisema. "Pélagie. Andika alikufa. Andika na tarehe. Na uandike alililiwa."

Achille aliandika yote matatu, la mwisho pembeni.

Alikuwa anafunga kitabu wakati Mzee Michée alipoinua mkono kule nyuma. Michée ni fundi wa baiskeli wa zamani, mtu wa haya nyingi.

"Monsieur," alisema, "nambari ishirini na sita ni mdogo wangu. Yeye pia alikufa mu ile mwaka. Yeye pia watu walitawanyishwa." Akamtazama Mama Espoir. "Mama aliandika juu nilimwambia iko."

Vichwa viligeuka. Kisha mama mmoja mwenye fimbo akasema yake ni nambari thelathini na moja.

Monsieur Achille aliweka kalamu mezani. "Mama Bernardine. Wako wangapi?"

Mama Espoir hakuona haya tena. "Wane, na Pélagie. Wamebaki watatu. Unipatie Alhamisi tatu."

Kijana alitazama karatasi ya programu yake: chumvi, usafi wa maji, macho. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Moja-moja," alisema. "Na presha mbele."

Ijumaa, jua halijawa kali, Mama Espoir alichukua kitabu chake kwenda kwa Mzee Michée, maana ndugu yao mwingine, ndiye wa kunyoa, alikaa mbali, Katogota, na alihitaji kuitwa mapema. Njiani alisikia viatu nyuma yake. Alikuwa Papa Eugène, na leso imefungwa kichwani.

"Hili jua linachoma muntu," alinung'unika. "Zamani nilikuwa na kivuli yangu mwenyewe."

"Unaenda wapi, Papa?"

"Kwa Michée. Weye hutajua kumwambia. Weye hujawahi kukaa nyuma ya mlango."

Mama Espoir alipunguza mwendo ili amfikie, wakashuka pamoja kuelekea darajani.